"Naandika gg wananitukana, hizi herufi za kwenye gemu ntazijuaje?"

SWALI: "Habari mtaalamu. Mi ni mtu mzima, nina miaka 38, mwaka huu nimeanza kucheza League of Legends baada ya wadogo zangu kunisumbua sana nijaribu. Kucheza kwenyewe naanza kukuelewa ila chati ndo inanimaliza, wanaandika herufi herufi tu. Juzi nilikuwa nacheza jungle, nikaona mtu kaandika 'mid mia', halafu 'b b b', halafu 'no ult 40s'. Mi nikaendelea na mambo yangu, tukafa watatu. Nikaona niwe muungwana nikaandika 'gg', nilisoma mahali kuwa ni heshima ya mchezo. Hapo ndo nikaharibu kabisa, wakaandika 'ff' ikaja kura ya kujisalimisha, mmoja akaandika 'jg diff' na mwingine 'kys'. Nimeprinti orodha ya vifupisho kama mia mbili nimebandika pembeni ya skrini lakini nikimaliza kutafuta herufi nimeshakufa. Kuna kamusi ya uhakika? Au nimeshazeeka kwa haya mambo? Na huyo wa kys nilipojua maana yake nilishtuka, hawa watu ni hatari?"

JIBU: Ndugu yangu, asante kwa kuandika, na zaidi asante kwa kuniletea chati yenyewe kama ilivyokuwa. Wengi huniandikia "wananisema vibaya kwenye gemu" basi, hawasemi kiliandikwa nini, sasa hapo mtu unaanzia wapi. Mi nimekaa kwenye chati za magemu muda mrefu, nasimamia chati na kuwaelekeza wachezaji wapya, na hiyo mechi yako naweza kuiona yote kwenye hiyo mistari michache. Kwa hiyo badala ya kukupa orodha nyingine ya kubandika ukutani ngoja tuisome pamoja, mana ukiielewa hiyo mechi moja umeelewa karibu kila kitu ulichoniuliza.

Ramani ya hilo gemu ina njia tatu, ya juu, ya kati na ya chini, na kati ya njia na njia kuna pori, ambako we ndo ulikuwa unazunguka. Mid ni njia ya kati. Hiyo "mia" usije ukaisoma kama hela, ni herufi tatu za lugha ya kijeshi, missing in action, yaani askari aliyepotea vitani hajulikani alipo, ila kwenye gemu imebaki tu kuwa "simuoni". Mwenzako wa njia ya kati alikuwa anasema adui yangu ametoka hapa, sijui kaelekea wapi. Na adui wa kati akitoweka mara nyingi anakuwa ameingia porini, kwako wewe. Kwa hiyo ule mstari japo haukutaja jina lako ulikuwa unakuhusu kuliko mtu mwingine yeyote kwenye timu. Kwenye seva za Ulaya wengi wanaandika "ss" badala ya mia, na we kwa mazoea ya meseji zetu ungesoma "sasa" ukasubiri waendelee na sentensi.

"b b b" ni back, rudi nyuma. B moja ni ushauri, b tatu mfululizo ni mtu anapiga kelele. Hapa kuna utata kidogo mana kwenye hilo gemu kitufe cha B ndo cha kurudi beisi, kwa hiyo wageni wanauliza nirudi hatua mbili au nirudi nyumbani kabisa? Angalia hali iliyopo. Kama ugomvi unakaribia kuanza ina maana ondoka hapo ulipo. Kama ugomvi umeisha na mna damu kidogo basi ni twendeni beisi tukajaze.

Halafu "no ult 40s". Ult ni ule uwezo mkubwa wa mhusika wako, ule wa kitufe cha R, ukishautumia unasubiri mpaka ujae tena. Huyo alikuwa anasema sina silaha yangu kubwa kwa sekunde 40 zijazo.

Sasa ziunganishe. Adui haonekani, rudini, mimi sina nguvu kwa sekunde 40. Hiyo ni sentensi moja imekatwa vipande vitatu, pengine na watu watatu tofauti, na yote ilikuwa inakuambia usiingie. We ukaingia na wenzako wawili wakakufuata kukuokoa, au walikuwa karibu tu, wakafa. Sikulaumu, ungejuaje. Nachotaka uone ni kwamba mpaka hapo hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amekutukana. Ile mistari mitatu uliyoiona kama vurugu za herufi ndo ilikuwa msaada wenyewe.

Tukija kwenye gg yako. Ulichosoma ni kweli, inatoka kwenye good game na ni adabu. Lakini ina wakati wake. Kwenye StarCraft, gemu la mwaka 1998 ambalo liliikuza sana hii desturi, anayeandika gg kwanza ni anayeshindwa. Anaona hana njia, anaandika gg, anatoka. Yaani ilikuwa heshima na wakati huohuo ni kujisalimisha, na mshindi akiitanguliza kabla mwenzake hajakubali inaonekana ni dharau, kama anamwambia toka bana umeshakwisha. Ile maana ya kujisalimisha haijafa. Mpaka leo ukiandika gg katikati ya mechi, hasa dakika ileile mmepoteza watu watatu, wenzako wanasoma "basi, tumefungwa, mi nimekata tamaa". Na we ndo umetoka kuwaingiza kwenye shimo! Ndo mana mwingine akajibu "ff", forfeit, tukubali kushindwa, ikafunguliwa kura. Kwa akili zao pendekezo limetoka kwako.

Na "jg diff" ni jungle difference, kwamba tofauti ya timu hizi mbili ni mchezaji wa porini, wa kwao anajua wa kwetu hajui. Hilo sasa ndo dongo, na ni lako. Hakuna taarifa yoyote ndani yake, hakuna mtu anayeweza kufanya kitu na "jg diff" isipokuwa kuumia. Kys nitaitenga, nitakuja kuiongelea peke yake mana hiyo siyo ya kuchanganya na hizi nyingine.

Umeona mstari unapopita? Kabla hamjafa zilikuwa taarifa, baada ya kufa zikawa hasira. Hii siyo bahati mbaya ya mechi yako, iko hivyo karibu kila siku na sababu yake ni ya kimitambo kabisa. Mtu aliye hai kwenye gemu mikono yake ina kazi, mmoja uko kwenye kipanya mwingine kwenye vitufe, akitaka kuandika inabidi aache kucheza, mhusika wake anasimama kama sanamu na anaweza kuuawa hapohapo. Kwa hiyo aliye hai anaandika herufi moja, mbili, tatu, basi. Lakini aliyekufa skrini imekuwa ya kijivu, anahesabiwa sekunde mpaka afufuke, hana cha kufanya, mikono iko huru na roho inamuuma. Huyo ndo anapata muda wa kuandika sentensi nzima. Matokeo yake sehemu kubwa ya unachokisoma kwenye chati kimeandikwa na watu waliotoka kufa sasa hivi, na ukilijua hilo unaanza kuisoma chati kwa jicho tofauti kabisa, kifupi kina maana, kirefu mara nyingi ni uchungu tu.

Watu wanadhani vifupisho hivi ni uvivu, au ni vijana wanajificha wazee wasielewe. Uvivu hapana. Kujificha kidogo ipo ila sana sana ni haraka na mikono, kama nilivyosema. Waendesha telegrafu walifanya hivyohivyo karne ya 19, kampuni ya Western Union mwaka 1859 ilikuwa na orodha nzima ya namba za kufupishia maneno, 73 ikiwa ni ya salamu, na mpaka leo watu wa redio za ridhaa wanaagana kwa 73. Popote mtu anapolipia kila herufi, iwe kwa hela au kwa muda au kwa uhai wa mhusika wake, maneno yanakatwa.

Nikupe mfano mwingine mzuri zaidi. Kwenye gemu la World of Warcraft kuna uwanja unaitwa Arathi Basin, timu mbili zinagombania vituo vitano, na mtu aliyebaki kulinda kituo peke yake akiona maadui wanakuja anaandika "3 inc bs". Watatu, wanakuja (inc ni incoming), kwa mhunzi (bs ni blacksmith, moja ya vile vituo vitano). Ngapi, nini, wapi. Hakuna tafadhali, hakuna nani, hakuna mbona mmeniacha peke yangu, na wenzake wakiisoma kwa nusu sekunde wanajua ni watu wangapi waende. Jaribu kuisema hiyo habari kwa Kiswahili cha kawaida au Kiingereza cha kawaida uone urefu wake, ukimaliza kituo kimeshachukuliwa.

Sasa hapohapo ndo utaona kwa nini orodha yako ya ukutani haifanyi kazi na haitakuja kufanya. Kwenye uwanja huohuo wa Arathi kuna mgodi wa dhahabu, watu wanauandika "gm". Toka hapo nenda sehemu nyingine ya gemu lilelile, gm ni mkuu wa chama cha wachezaji. Nenda kwa wafanyakazi wa kampuni ya gemu, gm ni msimamizi anayeshughulikia malalamiko. Nenda kwenye magemu ya madaraja, gm ni Grandmaster, daraja la juu. Na asubuhi kuna mtu ataingia ataandika gm akimaanisha tu habari za asubuhi. Herufi mbili, kazi tano. FPS nayo ni aina ya gemu ya kulenga na bunduki ukiona kwa macho ya mhusika, na pia ni idadi ya picha kwa sekunde ambazo kompyuta yako inaweza kuonyesha, kwa hiyo mtu anaweza kulalamika "fps yangu mbovu kwenye hii fps" na akawa na akili timamu. CS kwa mmoja ni Counter-Strike, kwa mwingine kwenye gemu lako ni creep score, hesabu ya vile viaskari vidogo vya kompyuta ulivyoua. Kwenye Apex Legends ukisikia adui ni "cracked" ina maana ngao yake imevunjika mkimbilieni, lakini mtu akimwambia mchezaji mwenyewe kuwa ni cracked anamsifia kuwa ni mkali balaa. Orodha itakupa maana zote tano halafu itakuacha hapohapo ulipokuwa.

Na usidhani ni Kiingereza tu. Ukikutana na Wathai wakaandika 555 hawahesabu kitu, wanacheka, mana tano kwao inatamkwa "ha". Wabrazili wanacheka kwa kkkk. Wachina wakiandika 666 wanakusifia umecheza vizuri. Wakorea gg wanaiandika kwa herufi zao wenyewe, ㅈㅈ. Kwa hiyo hata anayejua Kiingereza vizuri anapotea, hilo likupe faraja kidogo.

Kamusi ya uhakika basi, jibu ni hapana, haipo, na nakuonya na zile za "maneno ya siri wanayotumia vijana mtandaoni", nyingi zimejaa vitu ambavyo sijawahi kuona mtu mzima wala mtoto akiviandika kwenye mechi. Kilichopo ni kujua gemu lako moja. Maneno utakayokutana nayo kila siku kwenye gemu moja ni machache sana kuliko unavyofikiri, mana mambo yanayoweza kutokea kwenye mechi ni machache, mtu kapotea, mtu anakuja, rudi, nenda, sina nguvu, subiri, samahani, pole. Ndo hayohayo yanazunguka. Ukiona herufi usiyoijua badala ya kuitafuta ukutani angalia ramani kwanza, kitu gani kimebadilika sekunde mbili zilizopita? Mara nyingi jibu liko pale. Mtu akiandika "oom" na ukaona mstari wake wa bluu umeisha huhitaji kamusi, ni out of mana, ameishiwa ile nguvu ya kutumia uwezo wake, hawezi kurusha kitu.

Halafu la uzee. Ndugu yangu miaka 38 unaongelea uzee kwenye magemu wakati wazee wa haya maneno wenyewe wana mvi? MUD, gemu la maandishi matupu lililoanzishwa Chuo Kikuu cha Essex kule Uingereza mwaka 1978 na Roy Trubshaw na Richard Bartle, ndo lilitupa neno "mob" tunaloitia kila kiumbe cha gemu cha kuuawa, walikuwa wanafupisha mobile, kitu kinachotembea. Neno "smurf", mchezaji mkali anayefungua akaunti mpya ili apambane na wanyonge kama wewe, inasimuliwa kuwa lilitoka kwa wachezaji wa Warcraft II mwaka 1996, walikuwa wazuri mno watu wakawa wanawakimbia, wakajipa majina ya PapaSmurf na Smurfette ili wasijulikane. Wewe mwaka huo ulikuwa mtoto. Maneno haya hayana umri, yana mazoea, na kijana wa miaka 16 ambaye hajawahi kugusa League naye angekufa palepale ulipofia wewe. Sana sana yeye angeandika kitu cha ovyo zaidi ya gg.

Ila kuna jambo moja ambalo kweli linawapata watu wazima, nalisema kwa upendo. Mtu mzima amezoea kuwa anajua lugha ya mahali alipo, kazini kwake anaheshimika, halafu anaingia sehemu ambapo mtoto asiyemjua anamwita noob. Inauma kuliko inavyostahili. Wachezaji wengi wanatofautisha, newbie ni mgeni anayejifunza, hana kosa, noob ni yule asiyetaka kujifunza na bado anabishana. Wewe ni wa kwanza, na hauna haja ya kuficha. Mwanzo wa mechi andika "new jg, pls ping", mimi ni mgeni porini naombeni mnionyeshe kwa alama. Sikudanganyi kuwa itamtuliza kila mtu, kuna wengine ndo utakuwa umewapa sababu, lakini kwa uzoefu wangu wengi zaidi wanalegeza kamba. Na ukikosea andika "mb", my bad, kosa langu. Herufi mbili tu, ungeiandika hiyo badala ya gg sidhani kama ile kura ingefunguliwa. Mwenzako akijaribu kitu kikashindikana mwandikie "nt", nice try, na mechi ikiisha kabisa hapo ndo gg yako mahali pake, hata "ggwp" ukipenda, mchezo mzuri mmecheza vizuri. Usiongeze "ez" mwishoni hata kwa utani, hiyo ni kumwambia mtu alikuwa mrahisi. Overwatch walichoka nayo mpaka wakaweka mtego, ukiandika gg ez kwenye chati ya mechi gemu lenyewe linabadilisha maneno yako, wenzako wanakuta umeandika kitu cha kujidhalilisha, kwamba muda wako wa kulala umepita usisemwe kwa mama.

Nimetaja alama, tuzielewe vizuri mana kwa mtu kama wewe ndo mkombozi. Kwenye League shikilia G, bofya kwenye ramani na uvute kipanya, utapata alama za hatari, nakuja, nisaidieni, adui haonekani. Hizi zinasikika na kuonekana, hazina lugha, na huachi kucheza. Apex Legends ilipotoka mwaka 2019 ilisifiwa sana kwa hili, mtu unaweza kucheza na watu usiowajua mechi nzima bila neno hata moja na mkaelewana nani yuko wapi, silaha iko wapi, twende wapi. Ila hata alama watu wameshazigeuza. Ile ya kuuliza, ya adui haonekani, utaona mtu anaibonyeza mara nane juu ya maiti yako, hapo hatafuti adui, anakuuliza ulikuwa unafanya nini. Rocket League, gemu la mpira unaochezwa na magari, wana maneno yaliyotayarishwa, moja ni "What a save!" la kumsifia mlinda goli, na siku hizi unalisikia zaidi pale mlinda goli anapopitwa na mpira mwepesi kabisa, mara tatu mfululizo. Kampuni haiwezi kuondoa kejeli kwa kuondoa kibodi. Tena ndo uleule ujumbe wa gg yako, neno ni zuri, wakati ndo umelichafua.

Sasa chati yenyewe uizime au uiache? Watu wananiuliza hili wakitaka niseme moja, mi nasema inategemea uko wapi kwenye kujifunza. Kwenye League kuna amri ya /mute all, ukiiandika huoni maandishi ya mtu. Faida yake ni kubwa, utulivu, na mechi kadhaa za mwanzo mi ningekushauri ufanye hivyo kabisa ukabaki na alama tu, mana huwezi kujifunza gemu na lugha ya gemu na kuvumilia matusi vyote siku moja. Hasara yake ni kwamba "mid mia" ya kesho hutaiona pia, na hutaijua kamwe. Njia ya kati ni kuiacha wazi mwanzo wa mechi na kumnyamazisha mtu mmoja mmoja pale tu anapoacha taarifa na kuanza dongo, "diff" ya kwanza, kwaheri. Wala usimjibu kwanza. Kumjibu ndo kosa ambalo naona watu wazima wanalifanya zaidi ya vijana, wanataka kumfundisha mtoto adabu kwa aya nzima huku mhusika wao amesimama katikati ya njia anapigwa.

Maiki mi siipendi kwa mgeni na watu asiowajua, inakupa kasi kweli lakini sauti inabeba umri wako, jinsia, lafudhi, hali ya nyumbani kwako, mambo ambayo maandishi yanaficha. Na wadogo zako hapo sawa, tena nzuri.

Kys. Ni kumwambia mtu ajiue, hiyo ndo maana yake kamili na haina nyingine kwenye mechi. Lazima nikutoe kwenye dhana moja na nisikupeleke kwenye nyingine. Lugha ya magemu imejaa kuua, kufa, bomu, "nimekufa", "muue huyo", na hizo zote ni za mchezo, mtu akipita nyuma yako akisikia atashtuka bure. Hii siyo mojawapo. Haimhusu mhusika, inamhusu mtu aliyekaa kwenye kiti. Kuna watakaokuambia "aa ni kawaida tu, kila mtu anaisema", na ni kweli wengi wanaoiandika ni watu wamekasirika, wametoka kufa, hawajui we ni nani na kesho hawakumbuki. Kwa maana hiyo sidhani kama yule alikuwa hatari kwako. Lakini kuzoeleka hakuifanyi kuwa ya kawaida, kampuni za magemu makubwa zinaadhibu akaunti kwa hiyo, kwa hiyo usilumbane naye, mnyamazishe, piga picha ya skrini, mechi ikiisha mripoti kwa kuchagua sehemu ya matusi ya maneno. Dakika moja imeisha.

Hatari yenyewe iko kwingine, na mara nyingi inakuja kwa lugha nzuri tu. Mtu anayekuandikia binafsi baada ya mechi kuwa atakupandishia daraja ukimpa neno la siri la akaunti. Anayekutumia linki ya zawadi. Anayetaja jina lako halisi au mtaa unaoishi wakati hukuwahi kumwambia, au anayesema anajua pa kukupata. Huyo wa mwisho usiishie kwenye kitufe cha ripoti cha gemu, hifadhi ushahidi, nenda polisi ana kwa ana, mana hiyo imeshatoka kwenye mchezo.

Na kuna upande wako pia. Mtu aliyeambiwa kys siku ambayo yuko sawa anakunja uso anaendelea. Akiambiwa kipindi ambacho tayari analala vibaya, ana msongo, ana mawazo ya kwamba angekuwa hayupo ingekuwa afadhali, ni jambo lingine kabisa, na hapo chati, mute wala mimi siyo saizi yake. Kama ni wewe, au ukimuona mmoja wa wadogo zako ameanza kujitenga, anacheza huku analia au ana hasira ambazo haziishi gemu likizimwa, au anaandika hizo herufi akijisemea mwenyewe, kaa naye umuulize moja kwa moja, na mwende kwa mtaalamu wa afya ya akili au hospitali iliyo karibu, siku hiyohiyo kama amesema anataka kujidhuru. Kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumpi wazo hilo, watu wanaogopa hapo bila sababu.

Kwa mengine yote msaada unao nyumbani kwako. Wadogo zako ndo waliokuingiza, wakulipe. Muombe mmoja acheze mechi mbili wewe ukae pembeni yake bila kugusa kitu, kazi yako iwe kusoma chati kwa sauti, kila inapoingia herufi we sema unadhani ina maana gani kabla hajakuambia. Utakuwa una macho na mikono huru, jambo ambalo ukicheza mwenyewe huna. Halafu mbadilishane, we ucheze yeye asome, na mwambie asikutafsirie maana, akuambie cha kufanya tu: rudi, subiri, nenda chini. Mkiweza fungueni mechi ya watu mnaojuana tu, hapo hata ukiandika gg dakika ya tatu watacheka. Na ile mechi iliyokuharibikia, kama marudio yake bado yapo, itazame ukiwa na mdogo wako, simamisha pale ilipoandikwa "mid mia", mwambie akuonyeshe kwenye ramani yule wa kati alikuwa ameshafika wapi.